Kutoka Mkongeni Hadi Nairobi: Nyimbo Saba za Ukoo wa Wanyika, Tukianzia ya Mwisho

Dereva wa basi la Handeni kwenda Korogwe akiweka "Sina Makosa", basi zima linaimba, kuanzia bibi mwenye jogoo kikapuni hadi mwanachuo mwenye waya masikioni. Waulize wimbo unahusu nini, watakujibu: mapenzi. Waulize umetoka wapi, watakujibu: Kenya. Jibu la kwanza ni nusu ya ukweli. La pili linaniuma, kwa sababu mizizi ya wimbo ule iko pale pale basi linapokwenda.

Tuanzie kwenye mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893. Miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Reli ya kutoka Tanga ikaingia Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakasambaa kandokando yake: Mnyuzi, Hale, Ngombezi, Magunga. Wakataji wakaletwa kutoka mbali kwa mikataba, wakaitwa manamba, na Wanyamwezi walikuwa wengi kati yao. Sasa mtu aliyekata mkonge wiki nzima, akafunga majani thelathini thelathini huku miiba ikimchoma viganja, Jumamosi jioni unadhani anataka kulala? Anataka dansi. Ndiyo maana bendi iliyozaliwa Korogwe katikati ya miaka ya 1950 ilijiita Young Nyamwezi. Baadaye ikahamia Tanga mjini, ikabadili jina, ikawa Jamhuri Jazz yenye mtindo wa Toyota.

Mwaka 1966 wakaingia Jamhuri vijana wawili wa tumbo moja, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Mwaka 1970 wakaenda Arusha, wakaanzisha Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka hadi Mombasa, na huko ndiko jina la Simba Wanyika liliposhika. Mwaka 1975 wakahamia Nairobi. Mwaka 1978 bendi ikapasuka, ikazaliwa Les Wanyika. Mwimbaji Issa Juma naye akatoka huko, akaunda Super Wanyika. Ukoo ukatanda hivyo.

Orodha hii nilimsomea mtani wangu wa Korogwe, Msambaa mmoja anayeweza kubishana hadi na saa ya ukutani. Alikuwa na neno karibu kila namba. Nimemwachia nafasi yake humu, maana mtani asiposema ataumwa.

Namba 7: "Macho Yanacheka", Shakila Said

Najua, najua. Hii ni taarabu, si dansi, na Shakila hakuwa wa bendi ya Wanyika. Lakini ukoo una binamu, na binamu hanyimwi mkeka. Shakila alikuwa mzaliwa wa Pangani, kule kule mkonge ulikotia mguu, akang'ara Tanga katika enzi za Black Star na Lucky Star, kisha akaenda JKT Taarab. Vikundi vile vya Tanga havikuwa na msururu wa fidla kama vya Unguja. Viliazima gitaa na besi kutoka kwenye dansi, vikaweka midundo ya kuchezeka, na taarabu ikatoka kwenye viti vya waheshimiwa ikaingia uani.

Maana ya wimbo imekaa kwenye jina: uso unawaonyesha watu furaha, moyo una shughuli yake nyingine kabisa. Sijui mwanamke wa Handeni ambaye hajawahi kuvaa uso ule siku ya harusi ya mtu. Shakila aliuimba bila kulia na bila kupaza sauti, akiwa ametulia kama mtu anayetoa taarifa, na utulivu huo ndio unaochoma.

Mtani: "Umeanza na taarabu kwa sababu wewe Mzigua huwezi kucheza dansi." Nimemsamehe. Nyumbani kwetu tunacheza selo, ngoma yetu Wazigua, mguu wake autafute kwanza.

Namba 6: "Tanzania Yetu", Atomic Jazz

Huu hauhitaji tafsiri kwa yeyote aliyewahi kusikia Radio Tanzania Dar es Salaam. Atomic walikuwa mahasimu wa Jamhuri palepale Tanga. Wale na Toyota yao, hawa na Kiweka chao, na kila mpenzi wa dansi alikuwa na upande. Wimbo ni wa Steven Hiza, na ni sifa tupu kwa nchi, kwa amani yake na furaha yake.

Nimewasikia watu wakizibeza nyimbo za namna hii, kwamba ziliandikwa ili kuipendeza serikali. Sikubali. Sikiliza magitaa. Nyimbo za kuagizwa huwa zina kwato za punda, huu unateleza. Watu walikuwa wamepata nchi yao juzi tu, na mtoto wa mkata mkonge alikuwa ameanza kuitwa mwananchi. Mtu akifurahi kweli, gitaa linajua.

Hapa mtani alisimama kabisa: "Hiza! Hilo ni jina letu Wasambaa." Nikamwambia kina Hiza wamejaa Handeni pia, na wapo Muheza kwa Wabondei. Sote ni wana wa Seuta, babu yetu mmoja wa kale, na jina halina ukuta. Akasema basi tugawane: wao wachukue mtunzi, sisi tuchukue kiitikio. Nimekataa.

Namba 5: "Shilingi", Simba Wanyika

Shilingi yaua, na ni maua vilevile. Huo ndio mzaha ulio ndani ya jina refu la wimbo huu wa miaka ya 1980, na ni mzaha wa watu waliokwisha kuona pesa ikifanya kazi zote mbili.

Fikiria walikotoka. Katikati ya miaka ya 1960 nyuzi za nailoni zikaanza kuuangusha mkonge sokoni. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa, lakini bei haikusikia azimio la mtu. Mji ulioishi kwa mshahara wa mkonge ukajifunza kuishi kwa bahati. Mwanamuziki ndiye wa kwanza kuonja hilo, kwa sababu mshahara ukipungua, cha kwanza kukatwa ni kiingilio cha dansi. Sisemi wimbo unataja mkonge. Nasema mtu aliyekulia kwenye uchumi wa namna hiyo haimbi kuhusu shilingi kwa kubahatisha.

Na sikiliza jambo moja: midundo yake ni ya raha. Hakuna kwikwi humo ndani. Shilingi inalalamikiwa huku watu wakiinuka kucheza, na kiuno hakina habari kwamba mfuko ni mtupu.

Mtani: "Mwambie msomaji wewe bado una deni langu la elfu kumi." Msomaji, nina deni la elfu kumi.

Namba 4: "Sikujua Utabadilika", Simba Wanyika

Jina limemaliza kazi. Mtu alipendwa, mtu akabadilika, mtu anashangaa. Kama hujawahi, subiri kidogo. Naupenda, ila siwezi kusema una jambo la kuchimba. Ni kidonda kisafi, kimefungwa bendeji ya magitaa mazuri. Tuendelee.

Mtani: "Umeupitia haraka. Kuna mtu alibadilika nini?" Tuendelee, nimesema.

Namba 3: "Pepea", Simba Wanyika

Albamu yenye jina hili ilitoka Ulaya mwaka 1992. Fikiria safari: kutoka ukumbi wa Tanga, hadi Arusha, hadi Mombasa, hadi Nairobi, na sasa Wazungu wananunua diski za watoto wa Peter Kinyonga. Walistahili kupepea.

Halafu mwezi Desemba wa mwaka uleule George Peter akafariki dunia. Wilson akamfuata mwaka 1995. Simba Wanyika ikaishia hapo, maana ile haikuwa bendi yenye wanamuziki wa kubadilishana kama wachezaji wa akiba. Ilikuwa ndugu wawili wanaojuana pumzi. Unalisikia hilo kwenye sauti zao, mmoja anamaliza neno na mwingine anakuwa ameshalipokea.

Kwa nini namba 3 na si zaidi? Kwa sababu wimbo ulirekodiwa vizuri mno. Kila ala imesafishwa, imepanguswa, imewekwa mahali pake. Mimi nawapenda Simba Wanyika wa santuri za miaka ya 1970, zile ndogo zenye sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili, ambapo besi inavuma hadi kwenye meza. Ilibidi usimame ugeuze santuri ndipo upate chemko, ile sehemu ya mwisho wimbo unapokolea watu wacheze. Kizazi hiki kinapata chemko bila kuinuka kwenye kochi, halafu kinauliza kwa nini kina maumivu ya mgongo.

Hapa mtani hakusema kitu. Aliomba niurudie kuupiga.

Namba 2: "Sigalame", Issa Juma na Super Wanyika

Sasa tumefika kwenye wimbo ambao ni hadithi kamili, na hadithi yenyewe haina mwisho. Kuna mtu anaitwa Sigalame. Ametoweka. Watu wanamuulizia. Inasemekana yuko Bungoma, inasemekana anafanya biashara, na ukiuliza biashara gani, hapo ndipo maneno yanapokuwa machache.

Vijana wa leo wanacheka tu, jina lenyewe linachekesha. Aliyekuwa mtu mzima miaka ile hakuhitaji kuelezwa. Bungoma iko magharibi ya Kenya, jirani na mpaka wa Uganda. Barafu iliunguza mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ya kahawa ikapaa duniani kote, na Uganda ya Idi Amin ilikuwa na kahawa nyingi na duka tupu. Kahawa ikaanza kuvuka kimagendo, na soko la Chepkube, huko huko Bungoma, likajulikana kwa watu waliotajirika kati ya Ijumaa na Jumatatu. Kwa hiyo mwimbaji anapotaja Bungoma, halafu biashara, halafu anaachia kimya kidogo, msikilizaji anajaza mwenyewe. Huo ndio usomaji wangu wa wimbo huu, na nitausimamia.

Na sisi huku? Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Ndio mwaka uleule Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwashukia wahujumu uchumi, na sabuni zilizofichwa darini zikaanza kuonekana zikitupwa mitoni. Kila kijiji kilikuwa na Sigalame wake. Kaka ameondoka, hajaandika barua, mara unasikia yuko Mombasa, mara yuko Taveta, mara ana duka, mara hana. Mama anauliza wasafiri stendi. Ukiutoa mdundo, wimbo huu ni tangazo la mtu aliyepotea, na Issa Juma analiimba kwa ile sauti yake nzito inayotoka chini kabisa, bila haraka, kama jirani anayejua zaidi ya anavyosema.

Tena yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Wanamuziki hawa wengi walikuwa Watanzania waliotafutia riziki ugenini, na kwa miaka sita mpaka wa nyumbani ukawa na kufuli. Sauti zao zilirudi kabla yao, zikipanda mawimbi ya Sauti ya Kenya hadi kwenye redio za huku. Nadhani ndiyo maana wimbo una mzaha mdomoni na wasiwasi kifuani.

Mtani: "Kwa hiyo Sigalame alirudi?" Ulitungwa wimbo wa pili, mtani. Mtu mmoja alihitaji nyimbo mbili kumtafuta. Wewe ukipotea tutatosheka na tangazo la msikitini.

Namba 1: "Sina Makosa", Les Wanyika

Mlidhani itakuwa nini?

Simba Wanyika ilipopasuka mwaka 1978, waliotoka hawakuwa watu wa pembeni. Alitoka Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, na gitaa lake la rithimu. Alitoka Tom Malanga na besi yake. Alitoka Rashid Juma, mpiga drams. John Ngereza akaja kujiunga nao baadaye. Yaani ndugu wa Kinyonga waliamka asubuhi wakakuta nyumba ina paa lakini haina nguzo. Bendi changa, jina la kuazima, na wimbo huu ukatoka ukawapiku wote, wazazi na watoto.

Kwanza nisikilizie muziki, maneno yanasubiri. Nyimbo nyingi za dansi zinatanguliza gitaa la solo, lile linalochonga sauti juu na kutaka kupigiwa makofi. Hapa anayekushika mkono ni rithimu. Omar Shabani anapiga vinoti vifupi, vikavu, vinavyojirudia, na kila kinaporudi unakuta besi imesogea kidogo. Besi ya Malanga haifuati, inajibu. Inaacha nafasi pale unapoitegemea, inaingia pale ulipokata tamaa. Jaribu kuimba ile besi kwa mdomo, utaona kwamba umekuwa ukiijua tangu utotoni bila kujua kwamba unaijua. Drams zinatembea tu katikati, hazina papara. Hakuna anayejionyesha. Kila mmoja anapiga kidogo, na wimbo unajaa.

Sasa maneno. Mwanamume mmoja amekasirika, anataka kuua mtu. Mwanamume wa pili, ndiye anayeimba, anamtuliza: hasira za nini? Hoja yake ni hii. Wewe una mke nyumbani. Mimi nina mke nyumbani. Yule tunayegombania si wako, na si wangu pia. Basi chuki inatoka wapi?

Msomaji, rudi usome tena. Huyu ndiye anayesema hana makosa!

Nimeusikia wimbo huu ukipigwa bwana na bibi harusi wanapoingia ukumbini Chanika, Handeni, wazazi wa pande zote wamesimama wanapiga makofi, na maana yake ni waume wawili wa watu walioshikana mashati kwa ajili ya mwanamke wa tatu. Hatuko peke yetu. Uingereza na Marekani watu wamefungia ndoa "Every Breath You Take" ya bendi ya The Police ya mwaka 1983, na mtunzi wake Sting amesema mara nyingi kwamba ule ni wimbo wa mtu anayemfuatilia mwenzake kwa wivu, si wa mahaba. Sauti tamu ikitangulia, maneno hupita getini bila kukaguliwa.

Lakini ninachowapendea Les Wanyika ni kwamba hawakutuhubiria. Nyimbo nyingi za zama zile zina mwalimu ndani yake: mlevi anaonywa, mwanamke mrembo anaonywa, kijana wa mjini anaonywa. Huyu wa "Sina Makosa" hakuonywa na mtu. Ameachiwa aongee, na kadiri anavyoongea anazidi kujifunga kamba mwenyewe. Hajasema hakufanya. Amesema tu kwamba tumefanya sote, kwa hiyo hakuna kesi. Ni utetezi wa mtu aliyekamatwa na kuku mkononi akaeleza kwamba hata wewe mwenzangu ulikuja kuiba. Hakuna mahakama ya mwanzo, Korogwe wala Handeni, ambayo hakimu hajausikia utetezi huo.

Halafu kuna wale watatu ambao hawakupewa hata ubeti. Wake wawili walioko nyumbani, wanaotajwa kama vitu vya kuthibitisha kwamba mabwana wamekamilika. Na yule mwanamke wa tatu, anayegombaniwa na kukanwa ndani ya sentensi moja. Kila nikiusikia nawasubiri waingie, angalau kwenye chemko. Hawaingii. Angetokea mwanamke wa kuujibu wimbo huu, mwenye besi ileile na sauti ya Shakila, tungekuwa na namba moja mpya, na ningempigia makofi hadi mikono ivimbe.

Mtani alinisikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akasema: "Yule jamaa lakini ana hoja." Mkewe alikuwa jikoni, mlango wazi. Chai ya mtani haikuja na sukari jioni ile, na sikuingilia.

Kwa washereheshaji wa Handeni na Korogwe, nawaomba kwa heshima. Bibi harusi anapoingia, nyimbo zipo tele. "Sina Makosa" uwekeni saa sita usiku, wazee wakishalala, kwa sauti ya juu, na mkiutambulisha msiseme unatoka Kenya. Semeni bendi iliyowalea waliowalea Les Wanyika ilianzia Korogwe, kwa wakata mkonge, halafu mpisheni Tom Malanga aanze kupita.